Urefu Si Udugu

Mwambie mkazi wa Igogo, Mwanza, ataje mimea inayofanana, naye huenda akakutajia mwembe, mkuyu na mnazi, kwa sababu yote ni miti. Mwambie ataje mingine, atasema mafunjo, matete na ndago, kwa sababu yote ni majani tu. Mgawanyo huo ni wa zamani kuliko shule, na kwa shughuli nyingi za kila siku unatosha. Una kasoro moja kubwa: mnazi umewekwa kwa watu wasio ndugu zake. Kwa nasaba, mnazi uko karibu zaidi na mafunjo yanayoota kwenye tope la Ghuba ya Mwanza kuliko ulivyo karibu na mkuyu. Mkuyu nao uko karibu zaidi na maharage yanayochemka jikoni kuliko na mnazi. Ajabu hii inatokana na neno lenyewe. Mti si jina la ukoo, ni jina la kazi, kama fundi lilivyo jina la kazi wala halikuambii mtu ni Msukuma au Mkerewe. Mimea ya koo zilizoachana zamani sana imeingia kwenye kazi hiyo ya kusimama juu na kuishi miaka mingi, na ndugu zao wa damu wakachagua maisha mengine. Anayepima mmea kwa urefu na ugumu wa shina atakosea nasaba, na hapa kwetu kandokando ya Ziwa Victoria kosa hilo haliishii darasani.

Tuutazame kwanza ule tunaouheshimu. Mkuyu, ambao wataalamu huuita Ficus sycomorus, hupenda kingo za mito na mabonde ambayo maji hayako mbali chini ya ardhi. Unaweza kupita mita 20, shina lake likiwa limetanuka miguuni, na gome la manjano lenye ukijani linabanduka vipande vyembamba kama karatasi. Likwaruze kwa kisu, utomvu mweupe mzito kama maziwa utachuruzika na kunata vidoleni. Makuyu hayasubiri ncha za matawi kama maembe. Yanasongamana kwenye vikonyo vinavyochomoza shinani na kwenye matawi manene, kana kwamba yamebandikwa. Mkuyu mmoja ni mkuyu mmoja: una mahali pake, umri wake na kivuli chake, na watu huutumia kuelekezana njia.

Mafunjo, Cyperus papyrus, ni habari nyingine. Chukua bua moja ulizungushe kati ya vidole. Utahisi pembe tatu, alama ya ukoo wa ndago. Halina vifundo kama muwa. Likate, ndani utakuta nyama nyeupe kama sponji, nyepesi kiasi kwamba mtoto anabeba bua la mita 4 kwa mkono mmoja. Sponji hiyo imejaa mifereji ya hewa inayoshusha oksijeni hadi kwenye mizizi iliyozama katika tope lisilo na oksijeni. Majani kama tunavyoyajua hayapo; yamebaki magamba ya kahawia chini kabisa ya bua. Kazi ya kujipikia chakula kwa mwanga wa jua inafanywa na bua lenyewe pamoja na shungi la juu, nyuzi nyingi za kijani zilizotawanyika kama nywele ambazo hazijachanwa. Tena angalia Kiswahili kinavyosema: mkuyu una umoja na wingi, lakini ni nani husema funjo? Tunasema mafunjo, lundo zima kwa mara moja, na lugha haijakosea. Chini ya tope kuna shina linalotambaa kama la tangawizi, likitoa bua baada ya bua, hivyo kinachoonekana kama umati kinaweza kuwa mmea mmoja tu.

Ushahidi wa nasaba unaanzia kwenye kopo la darasa la sayansi. Otesha punje ya harage na punje ya hindi kwenye pamba iliyoloa. Harage linapasuka vipande viwili vinene, na katikati yake linachomoza chipukizi. Hindi halipasuki hivyo. Linatoa mkuki mmoja. Mwingereza John Ray aliuona umuhimu wa tofauti hiyo akauandika mwaka 1682, na hadi leo vitabu vyetu vinaita kundi moja daikotiledoni na jingine monokotiledoni. Mkuyu uko upande wa harage. Mafunjo yako upande wa hindi. Tofauti nyingine zinafuatana na hiyo: jani la mkuyu lina mishipa iliyosukwa kama wavu, ilhali mimea ya upande wa pili kwa kawaida mishipa yake inakwenda sambamba, chembe ya chavua ya ukoo mpana wa mkuyu kwa kawaida ina mifuo mitatu, na ya upande wa mafunjo kwa asili ina mfuo mmoja.

Alama za nje zinaweza kudanganya, hivyo mwishoni mwa karne iliyopita wanasayansi walianza kusoma vinasaba. Mwaka 1998 jopo la wataalamu kutoka nchi mbalimbali lilitoa mpangilio mpya wa mimea yote inayotoa maua, likaurekebisha mara kadhaa, toleo la nne likiwa la mwaka 2016. Katika mpangilio huo mkuyu umo kwenye oda ya waridi, pamoja na mforosadi, mfenesi na, wazazi wanisamehe, bangi. Mafunjo yamo kwenye oda moja na mahindi, mtama, mpunga, muwa, mwanzi, na hata nanasi. Mnazi nao hauko mbali na huko: mgomba, mkindu, mvumo na mnazi vyote ni watoto wa nyumba ya monokotiledoni. Nyumba hizi mbili zilitengana lini? Chavua yenye mifuo mitatu imekutwa kwenye miamba yenye umri wa miaka milioni 125 hivi, kwa hiyo kuachana kwenyewe ni kwa zamani zaidi ya hapo. Babu wa pamoja wa binadamu na panya aliishi chini ya miaka milioni 100 iliyopita. Maana yake, mkuyu na mafunjo wametengana kwa muda mrefu kuliko mtu na panya wa stoo. Ziwa lenyewe, ambalo tunaliona la milele, lilikauka miaka 15,000 hivi iliyopita kisha likajaa upya. Mbele ya umri huo wa mimea ni kama jana jioni.

Hapa mtu makini atauliza: kama mnazi na mkuyu si ndugu, mbona vyote vina shina nene, vyote vinasimama, vyote vinapasuliwa mbao? Jibu limeandikwa kwenye mashina. Pwani, minazi mingi imekatwa vipandio ili mgema au mwangushaji apate pa kuweka mguu. Mwaka baada ya mwaka vipandio hivyo vinabaki wazi, na mnazi unaendelea kuzaa bila kuvifunika. Jaribu hivyo kwenye mkuyu: kidonda kitavimba pembeni, midomo yake itakaribiana, na baada ya miaka utaona kovu tu. Mkuyu una tabaka jembamba la seli hai kati ya gome na mbao, liitwalo kambiamu, linaloongeza mbao ndani na gome nje maisha yote ya mti. Mnazi hauna. Ndiyo maana mnazi mchanga hukaa chini miaka kadhaa ukijenga unene kwanza, kisha unapanda juu na unene uleule. Umeingia kazi ya mti kwa mlango mwingine. Na si peke yake: kwenye mteremko wa juu wa Kilimanjaro kuna mti wenye kichwa cha majani mapana, Dendrosenecio, ambao ni wa ukoo wa alizeti.

Kuna anayeweza kupinga hoja ya kambiamu kwa mfano wa jirani. Inajulikana kwamba ukibambua gome la mti kuzunguka shina lote, mti hufa. Sasa Waganda wanabambua gome la mutuba, ndugu wa damu wa mkuyu, kuzunguka shina lote, wanalitwanga kwa nyundo za mbao hadi liwe nguo, na mti haufi. Ufundi huo UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Mfano huu hauvunji hoja, unaikaza. Fundi wa nguo za gome anajua kina cha kukwangua: anaondoa gome na kuacha lile tabaka hai, kisha analifunga shina kwa majani ya mgomba lisikauke. Tabaka linatengeneza gome jipya. Ukiuvua mgomba maganda yake hivyo hivyo, utabaki na mgomba uliokufa.

Tofauti hii ya mwili inazaa tofauti ya uchumi, na mfanyabiashara wa soko la samaki ataielewa upesi. Mkuyu ni mwekezaji wa majengo. Kila mwaka unazika sehemu ya mapato yake kwenye mbao, ambazo nyingi ni seli zilizokufa, lakini zinaubeba juu ya wengine kwa miongo mingi. Mafunjo yanaendesha mtaji wa kuzunguka. Bua linaota, linafika mita 4 au 5, linatoa shungi, linazeeka na kuanguka ndani ya mwaka mmoja hivi, na kabla halijaanguka sehemu ya virutubisho vyake imesharudishwa kwenye shina la chini kulisha bua linalofuata. Ukiyakata, kwa kawaida yanarudi kimo chake ndani ya mwaka, mradi shina la chini halijang'olewa. Aidha, mafunjo yana njia ya usanisinuru ya aina ile ya mahindi na muwa, inayonasa hewa ya ukaa kwa ufanisi mkubwa kwenye jua kali, jambo ambalo mkuyu hauna. Ndiyo maana kinamasi cha mafunjo ni miongoni mwa sehemu za asili zinazozalisha majani mengi zaidi duniani kwa eneo, ingawa hakuna hata ubao mmoja ndani yake. Nani amefanikiwa zaidi? Swali lenyewe ni kama kuuliza kati ya mwenye nyumba na mwenye duka nani ana akili.

Hata kwenye maua, ambayo ndiyo yanayowafanya wawe ukoo mmoja mpana, wameachana. Watu husema mkuyu hauna maua. Unayo, mamia, yamefichwa ndani ya kuyu lenyewe, ambalo ni kama mfuko uliogeuzwa nje ndani. Nyigu jike mdogo sana anapenya tundu la mdomoni mwa kuyu, akiingia na chavua kutoka kuyu alikozaliwa. Mbawa zake hunyofoka njiani, naye hafi kabla ya kuchavusha na kutaga humo. Mafunjo hayana mkataba na mdudu yeyote wa namna hiyo. Vimaua vyake vya kahawia kwenye ncha za shungi vinautegemea upepo, na ziwani upepo haukosekani. Mkataba wa mkuyu una faida yake, lakini pia una hatari, na Misri ya kale ilionyesha. Mimea hii miwili ilifika huko yote. Majeneza mengi ya Wamisri yalitengenezwa kwa mbao za mkuyu, na hati walizozikiwa nazo ziliandikwa kwenye karatasi za mafunjo. Karatasi ya mafunjo ya kale zaidi yenye maandishi inayojulikana, iliyokutwa Wadi al-Jarf mwaka 2013, ina umri wa miaka 4,500 hivi. Lakini nyigu wa mkuyu hakuufuata huko, hivyo mikuyu ya Misri haikutoa mbegu. Ilipandwa kwa vipandikizi, na makuyu yalichanjwa kwa kisu ili yaive. Mafunjo nayo yalitoweka karibu kabisa Misri baada ya karatasi za aina nyingine kushika soko, hadi miaka ya 1960 Hassan Ragab alipoyarudisha kutoka Sudan.

Haya yote, atasema msomaji mwenye shughuli zake, ni nasaba za mimea tu. Zinamfaa nini mkulima? Zinamfaa anapopulizia dawa. Kuna dawa ya magugu, 2,4-D, inayoua mimea ya majani mapana kwenye shamba la mahindi na kuyaacha mahindi yamesimama. Haiangalii urefu. Inatofautisha takriban kwa mstari uleule wa John Ray: mchicha pori na mche wa mkuyu viko upande wa kufa, mahindi upande wa kupona. Na ndiyo sababu ndago, ndugu wa mafunjo, inamsumbua sana mkulima wa mahindi: iko upande mmoja na zao lenyewe. Dawa imesoma nasaba ambayo macho yetu hayakusoma.

Faida ya pili iko ukingoni mwa ziwa, na hapo ndipo kuheshimu urefu kunapotugharimu. Tanzania ina Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, 1 Aprili, yenye viongozi, miche na picha. Ardhi oevu nazo zina siku yake ya dunia, 2 Februari, kukumbuka mkataba uliotiwa saini Ramsar, Iran, mwaka 1971. Lakini ni wangapi waliwahi kuona mtu akipanda mafunjo mbele ya kamera? Kwa jicho la kawaida, kufyeka mafunjo ni kusafisha, na kupanda mti mahali pale ni kuboresha. Mti hauwezi kazi ile. Mkeka wa mizizi na mashina ya mafunjo unapunguza kasi ya maji yanayoshuka kutoka mjini, tope linatuama humo, na nitrojeni na fosforasi nyingi zinazotoka vyooni na mashambani zinanyonywa au kubadilishwa na vijidudu kabla hazijafika ziwani kulisha magugu maji. Kampala imetegemea kinamasi cha Nakivubo kwa kazi hiyo kwa miaka mingi. Kuna shuku ya haki hapa: mafunjo yakizeeka na kuoza palepale, si yanarudisha uchafu? Sehemu yanarudisha, ndiyo. Ndiyo maana mvunaji anayekata mabua kwa ajili ya mikeka na paa, akiacha shina la chini, anatoa virutubisho hivyo majini bila malipo yoyote. Anayefukia kinamasi kwa kifusi hafanyi hivyo.

Samaki nao wana ushuhuda. Maji yaliyo ndani ya mafunjo yana oksijeni kidogo sana. Sangara, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950, anahitaji oksijeni nyingi, hivyo haingii ndani sana. Kamongo na kambare wanapumua hewa, na baadhi ya furu wanastahimili. Utafiti uliofanyika Uganda, hasa Ziwa Nabugabo, umeonyesha kwamba vinamasi hivyo vimekuwa maficho ya samaki wa asili waliokuwa wakiliwa na sangara. Kivuli cha mkuyu ni kizuri, lakini hakimzuii sangara.

Pingamizi linalosikika zaidi ni la mbu. Mafunjo yana mbu, nyoka na vichaka vya giza ambavyo mama hataki mtoto wake acheze karibu navyo. Hilo halina ubishi. Lakini kwamba kuyaondoa kunaondoa malaria halijathibitika. Utafiti wa nyanda za juu za kusini magharibi mwa Uganda, uliochapishwa mwaka 2000, ulilinganisha vijiji vilivyo kando ya vinamasi vya mafunjo na vile vilivyo kando ya vinamasi vilivyolimwa. Kando ya vilivyolimwa kulikuwa na joto zaidi, na joto ndilo linaloharakisha kimelea kukomaa ndani ya mbu. Dimbwi lililo wazi juani ni kitanda kizuri zaidi kwa mbu wa malaria kuliko maji meusi yaliyofunikwa.

Je, basi tusipande miti? Tupande, na mikuyu iwemo, kwa kuwa inashika kingo za mito na inalisha ndege na popo. Iwe nyuma, mahali penye udongo, na mafunjo yabaki mbele, penye maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa ziwa, na ukanda huo unaitosha mimea yote miwili. Ugumu ni kwamba ukingo nao unatembea. Mei 2020 kipimo cha maji ya ziwa cha Jinja, Uganda, kilivuka kidogo rekodi ya mwaka 1964, na maji yakaingia kwenye nyumba na chini ya miti iliyokuwa nchi kavu. Mafunjo yaliinuka pamoja na maji, kwa sababu mkeka wake unaelea. Mengine yalikatika yakawa visiwa. Aprili mwaka huohuo kisiwa kimoja kilisukumwa hadi kwenye bwawa la umeme la Nalubaale, kikaziba mitambo, na Uganda ikakosa umeme karibu nchi nzima. Wahandisi walikitoa kipande kwa kipande kwa mashine. Ufukweni, mita 60 zikawa za kupimwa upya, kutoka ukingo uliokuwa umehama.